Mpira Nilioukata kwenye Gia

Mimi ni fundi wa bajaji na bodaboda, kijiwe changu kiko mjini, mtaa wa Rahaleo, na nikisifiwa huwa sijui kunyamaza. Siku ya harusi yangu mjomba mmoja wa mke wangu aliuliza bwana harusi anafanya kazi gani. Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba haijazaliwa injini ya kunishinda. Wanawake wakapiga vigelegele, wajomba wakatikisa vichwa. Neno lile likabaki ukweni, likisubiri siku yake.

Siku yenyewe ilifika mwaka jana, wakati wa kuokota korosho. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekwenda kusaidia shambani kwao, kijiji kilicho karibu na mdomo wa Ruvuma, simu ikaja kutoka ng'ambo, upande wa Msumbiji. Dada yake mama mkwe alikuwa hoi. Chakula hali tena, anamwita mdogo wake tu. Mama mkwe hakulia. Alikwenda nyuma ya nyumba, akafunua turubai pale ilipolazwa mashine ya boti ya marehemu mumewe, ambayo hakuna aliyeiwasha tangu mzee atutoke. Kisha mke wangu akaja kwangu na ujumbe: "Mama anauliza kama mkwe anaweza kuiamsha. Anataka amkute dada yake yu hai."

Alimtuma mtoto wake kwa sababu mimi na yeye hatusemezani. Si ugomvi. Kwetu sisi mkwe mwanamume na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Vijana wa mjini wameacha mambo hayo, mama mkwe wangu hajaacha. Tukikaribia kukutana njiani, mmoja wetu hupinda. Nikimwamkia nachuchumaa kule, macho chini, naye anaitikia shikamoo yangu akiwa amegeuka, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nimeoa miaka mingi na nilikuwa sijawahi kuuona uso wake wote. Maneno yetu yote hupitia kwa mke wangu, anayeyabeba kwenda na kurudi, na akichoka huyapunguza njiani.

Nikaanza kazi. Nilisafisha plagi na kabureta, nikavuta kamba, na mashine ikawaka mapema kuliko nilivyotarajia. Wajomba waliokaa kwenye benchi nyuma yangu wakaguna kwa kuridhika. Ubaya ulikuwa chini, kwenye mguu wa mashine, mahali gia zinapokaa. Nilipolegeza skrubu, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake maji ya chumvi yalishaingia. Nikaufungua mguu wote. Meno ya gia ya mbele yalikuwa yamelika, zile pembe zinazong'atana zikawa zimeviringika.

Fundi mkweli hapo husema: hii inataka gia mpya, na gia mpya hapa haipo. Nilijua. Lakini ningewaambia vipi wale wajomba, mimi niliyesema yale ya harusini? Nikachukua tupa, nikazichonga zile pembe mpaka zikapata makali kidogo, nikarudisha kila kitu mahali pake na kujaza oili mpya. Nikajiambia zitashika.

Ikabaki kuipangusa mashine. Kwenye ule mkono wa kuingizia gia palikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, cheusi, kimekakamaa, kimezungushwa mara nyingi na kufungwa mpaka kwenye ndoano ya kifuniko cha injini. Kilinikera. Mimi takataka kwenye injini sizipendi, hata kijiweni vijana wananitania kwamba natengeneza bajaji kama navika bibi harusi. Nikatoa kisu, nikakikata, nikakitupa.

Mama mkwe alikuwa upande wa jikoni, ameketi ubavu, anapepeta mchele. Nikamsikia akikohoa. Baada ya kidogo akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na ungo ukasimama mikononi mwake. Nikamwambia mke wangu, "Mpelekee mama maji ya kunywa."

Maji akapelekewa. Akayanywa, akarudi kupepeta. Angefanya nini? Kumkosoa mkwe mbele ya wajomba ni kumvua nguo, na mama yule hakulelewa hivyo. Tukaichovya mashine ndani ya pipa la maji, nikaingiza gia, propela ikazunguka na kurusha maji mpaka kwenye benchi. Wajomba wakacheka. Mmoja akasema mtoto wao amepata mume. Nilivimba kichwa, siwezi kukataa.

Asubuhi maji yalipojaa tukaondoka. Mbele kabisa alisimama jirani mmoja, mvuvi wa mtumbwi wa kasia, ameshika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Yeye anaijua mikondo ya pale lakini mashine hajui hata pa kuishika. Mama mkwe aliketi karibu naye, mgongo kwangu kama desturi. Mke wangu alikaa katikati na kikapu cha unga na mbaazi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mashine, mtu wa Newala niliyekulia kwenye mikorosho, nikijifanya baharia.

Kwenye mikoko tulipita vizuri. Lakini Ruvuma inapoingia baharini pana fungu la mchanga, na juu ya fungu lile mawimbi huvunjika. Mtu hupita pembeni yake kwa nguvu, bila kusita. Nikaongeza moto. Mashine ikavuta kidogo, halafu nikasikia kishindo kimoja kikavu chini ya maji, injini ikapiga kelele na boti ikasimama. Gia ilikuwa imeruka. Nikapunguza, nikaiingiza upya, nikaongeza, ikaruka tena. Kwenye pipa gia haina mzigo, inazungusha maji matupu. Pale ilikuwa inasukuma watu wanne na boti ya mbao dhidi ya mto mzima, na yale meno yangu ya tupa hayakuweza.

Nikaushika ule mkono wa gia kwa nguvu ili usirudi. Ulinipiga kiganja ukanichuna ngozi. Tulikuwa tunasogea kuelekea kwenye mawimbi, si haraka, lakini tunasogea, na jirani alikuwa anatafuta chini kwa pondo bila kupafikia. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu nakuwa mkali. Mke wangu akageuka akasema, "Mama anasema ule mpira uliou..."

"Mpira gani? Mwambie mama yako anyamaze, aniache nifanye kazi."

Sikumwambia mke wangu. Nilimpigia kelele mama mkwe mwenyewe, kupita juu ya kichwa cha mtoto wake, na boti ile si ndefu. Jirani aligeuza uso akatazama maji. Mke wangu alinitazama kama mtu asiyenijua. Nimewahi kuaibika maishani, nimewahi kuanguka na bodaboda ya mteja sokoni watu wakanicheka, lakini aibu ile haikuwa hii. Nilitamani nirudishe maneno mdomoni niyameze, na injini bado ilikuwa inapiga kelele bure mkononi mwangu.

Mama mkwe akasimama. Alikuja nyuma akishika mabega ya mke wangu, akaruka kikapu, akapiga magoti ubavuni kwangu, bega lake na langu yakagusana. Akavua kanga kichwani. Nywele zake zilikuwa fupi na nyeupe zote, na nilipoziona nikafumba macho, kisha nikayafumbua kwa sababu ilibidi. Akang'ata pindo la kanga, akalichana utepe mrefu, akauzungusha kwenye mkono wa gia na kuuvuta mpaka kwenye ile ndoano ya kifuniko. Mikono yake haikutafuta chochote. Alikuwa amesafiri na mumewe kwenye boti ile miaka yote ya ndoa yao, na gia ilipoanza kuruka ndiye aliyekuwa anafunga mpira, mzee akiendesha.

Akanitazama usoni. "Sasa ingiza, baba," akasema. "Polepole, halafu ongeza."

Nikaingiza. Utepe ukakaza, gia ikashika, boti ikauma maji na kulipita lile fungu. Alikaa pale pale ubavuni kwangu njia nzima, kichwa wazi, mkono mmoja juu ya fundo, maana kitambaa hulegea, hakivuti kama mpira. Mimi nilishindwa hata kumwambia samahani, kwa kuwa kwa desturi ingebidi nimtume mke wangu, na mke wangu alikuwa amenipa mgongo.

Ng'ambo tulimkuta dada yake yu hai. Nililetewa mkeka nikakaa nje chini ya ukuta, nikawasikia ndani. Yule mgonjwa alikuwa na sauti ndogo, akamwuliza mdogo wake kwa nini amefika kichwa wazi kama aliyefukuzwa.

"Upepo," mama mkwe akajibu.

"Na nani amekuvusha?"

"Mkwe wangu. Ni fundi, dada. Ameifufua ile mashine ya mume wangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kusikika hadi nje, na nyumba ilikuwa imejaa ndugu. Wakaitikia, wakanishukuru kupitia ukutani, mwingine akatoka kunipa mkono. Niliutoa wangu uliochunika nikatazama chini. Angenitukana ingekuwa nafuu. Dada yake aliishi siku chache baada ya hapo, na zile siku walizimaliza pamoja wakizungumza.

Sifa zikatembea mtaani kabla hata sijanywa chai. Mzee mmoja wa pale akaja na wanawe wakiwa wamebeba mashine yao, wakaitua miguuni pangu. Gia inasumbua, wakasema, na Mungu amewaletea fundi. Watu wakakusanyika. Mama mkwe alitoka kuteka maji, akaketi barazani kwa mbali akiwa amenipa mgongo, amejifunika kanga ya kuazima mpaka kwenye nyusi, kila kitu kimerudi kama zamani.

Nikainama kuitazama. Kwenye mkono wa gia palikuwa na kijiti kimechomekwa na kukazwa kwa waya ulioliwa na kutu. Kibaya hasa. Kabla sijafikiri, kisu kilikuwa tayari mkononi mwangu.

Barazani mama mkwe akakohoa.

Uso ukaniwaka moto mpaka masikioni. Nikakirudisha kisu mfukoni, nikamgeukia yule mwenye mashine. "Mzee," nikasema, "hiki kijiti kina kazi gani?"