Chozi Dirishani kwa Fundi

Tangu fundi aondoke, ua wetu umebaki na ukimya tusiouzoea. Cherehani yake ndiyo iliyokuwa ikituambia kumekucha. Sasa tunaamshwa na makomeo ya milango.

Alikuwa amefiwa na mkewe, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza ya kukatia, na magauni ya watu yaliyoning'inia ukutani kama wageni wasiotaka kukaa.

Mvua zilipopungua, ndege mdogo wa rangi ya vumbi, mdomo umepinda, alianza kufuma kifuko kwenye waya nje ya dirisha. Alitumia majani, utando wa buibui, na nyuzi alizookota kizingitini kwa fundi. Fundi, ambaye ndege aliowajua ni kuku, njiwa na kunguru, aliacha kufagia nyuzi.

Makinda wawili walipoanguliwa, akatokea ndege mwingine, kijani cha kumetameta, kifua chekundu. Fundi alikuwa ameshona sare za harusi maisha yake yote, na kwake watu wa nyumba moja walivaa kutoka jora moja. Huyu wa hariri hakuwa wa nyumba ile. Kila alipotua, fundi aligonga dirisha kwa rula.

"Unagombana na nani humo ndani?" aliuliza jirani yake, mama muuza mkaa.

"Jambazi. Kavaa vizuri, lakini jambazi."

"Wa hivyo nawajua. Mmoja nimezaa naye."

Binti wa fundi alimpigia simu, kama kawaida, kumsihi ahamie kwake.

"Nikiondoka sasa, nani atawalinda hawa?" alisema fundi. "Wakiruka, nitakuja."

Asubuhi moja akakuta kinda mmoja chini ya dirisha, mwepesi kama kipande cha kitambaa. Alimbeba kiganjani hadi kwa mama muuza mkaa.

"Huyu amekufa njaa," alisema mama yule. "Mama yake anahangaika peke yake. Baba yuko wapi?"

"Hawana baba. Kuna yule wa kijani tu."

"Ndiye huyo, fundi. Hawa ni ndege waitwao chozi. Dume ndivyo anavyovaa, na kulisha wanalisha wote."

"Mbona hawafanani?"

"Kwani wewe na marehemu mlifanana?"

Fundi alimfukia kinda pembeni ya ukuta, akarudi ndani, akafunga dirisha na kuteremsha pazia. Cherehani hakuigusa. Wateja walipobisha, aliwaambia kwa sauti ya chini waende kwa fundi mwingine. Alikaa kitandani katika kiza cha mchana, mikono magotini, akisikiliza. Mwanzoni alisikia mlio wa jike peke yake. Siku iliyofuata ukajibiwa na mwingine, mkali zaidi, karibu kabisa na kioo. Alitamani kuchungulia. Hakuchungulia.

Aliishi hivyo mpaka sauti zote zilipokatika. Ndipo alipofungua dirisha na kutia kidole kwenye kifuko, taratibu, akiogopa atakachokigusa. Kilikuwa kikavu na kitupu.

Alimpigia binti yake.

"Ameruka," alisema.

"Nani, baba?"

"Njoo unichukue."

Sasa anaishi kwa binti yake, ghorofa ya tatu, katika chumba cha nyuma kinachotazamana na ukuta wa jengo jingine.