Muhuri Nilishaupata, Macho Bado

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mdogo wangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, ofisi moja ya mtaa wa Ibanda iko tayari kunipokea, ila walitaka kwanza cheti cha afya. Unajua tunavyokitafuta hapa Bukavu: tunafuata muhuri, si kupimwa.

Kwenye foleni nikaanza kuwaza. Nikikosea herufi moja ya ule ubao wa kupimia macho ukutani, je, kazi itaenda kwa mwingine? Basi nikawasikiliza waliotangulia wakizisoma kwa sauti, nikazikariri zote.

Maman Nsimire, muuguzi wa macho, mama mtu mzima ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, aliniacha niseme. Nilisema haraka kama sala.

“Eh, lisansie, msomi wa chuo! Hata sijaonesha herufi na kidole, uko unamaliza? Anza tena, kutoka mwisho.”

Nikasoma, safari hii kwa macho. Kumbe nilikuwa naziona zote! Akacheka, akapiga muhuri. Nikanyakua karatasi, nikashika njia ya mlango.

“Muhuri umepata. Macho bado. Rudi, ikala kitini. Mu familia yenu kuna mutu alipofuka?”

“Babu, kule Kabare. Ilikuwa uzee tu, maman.”

“Nani alimupima akasema uzee?”

Nikarudi nikakaa. Nyuma yangu watu walinung'unika, lakini yeye hakuharakishwa na mtu. Alinipima presha ya macho, akachungulia ndani kwa taa, akanipeleka mwenyewe kwa daktari. Ilikuwa glokoma, ugonjwa wa macho unaopofusha polepole. Huanza kula uoni wa pembeni, bila maumivu, huku herufi za ukutani unaziona safi. Kilichopotea hakirudi, matone ya kila siku hulinda kilichobaki.

Kazi niliipata. Lakini mpaka leo navihesabu vile vipande vya sakafu kati ya kiti chake na mlango. Vilikuwa sita. Mama yule alikuwa na foleni ndefu na kila sababu ya kuniacha niende, akaniita.

Damu ya babu ni yako pia. Ukienda kutafuta cheti, usiombe muhuri kwanza. Sema: nipimeni presha ya macho, kwetu kuna mtu alipofuka. Na umpeleke papa, baba yetu. Atakataa, atasema anaona vizuri. Mwambie hata mimi nilikuwa naona vizuri.

Mungu akulindie macho yote mawili, mpaka pembeni kabisa, uje uwaone wajukuu wako wakikukimbilia kutoka kila upande.