Jina Lililokatwa Kwenye Wimbo

Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikipotea njia humu mnivumilie. Ninayemsimulia ni mdogo wangu wa kike, aliyekuwa mwimbaji wa muziki wa soul. Jina simtaji. Kwetu Waarusha mtu akishafariki jina lake halitamkwi nyumbani. Ukiita, umeita. Anaweza kuitika.

Alianzia kwaya ya Kilutheri, sauti ya pili, halafu akanogewa na santuri za Wamarekani weusi kwa Singasinga mmoja muuza spea mjini. Akitumwa chumvi, anarudi jioni. Yule Singasinga naye wimbo ukikolea alikuwa analia wazi, mbele ya wateja wa bolti, mwanaume mzima na kilemba chake. Haya, turudi. Akaimba mahotelini, akafika mpaka Nairobi, mimi nyuma yake na gitaa la besi. Wimbo uliompa jina ni ule ambao katikati anajiita mwenyewe, anavuta pumzi kwanza, halafu analivuta hilo jina mpaka watu wanasimama.

Mama hakuwahi kumsikia nje ya kwaya. Alisema baa si mahali pa mtoto aliyepata kipaimara. Mimi alishanikatia tamaa zamani. Mwaka juzi presha ikamchukua mdogo wangu, na mama hajamsikia. Tangu hapo, bodaboda wa mtaani kwetu Sakina wakipita na wimbo ule, mama anaziba masikio.

Juzi kati akaniita. "We baba, nitazeeka mpaka lini? Nataka kumsikia mwanangu. Ila jina lisilie humu ndani."

"Mama, jina limo ndani ya wimbo."

"Si mnakata hata miti ya Mlima Meru? Kateni."

Nikashuka Sombetini kwa fundi wa studio. Akasikiliza, akakuna kichwa. "Mzee wangu, nikilitoa patabaki shimo." Nikamwambia toa tu.

Basi mchana ule nikaweka simu juu ya kigoda, mama akainama na sikio lake zima. Sauti ikatoka. Nilimwona anatikisa kichwa taratibu, kama anakubaliana na mtu. Kikafika kile kipande. Fundi alikata jina, lakini pumzi aliiacha. Tukamsikia anavuta hewa, karibu kabisa, halafu kimya.

Mama akanishika mkono. "Hapo umetoa nini?"

"Si ulisema, mama."

"Huo ni wimbo wangu wa kukamulia. Kaugeuza maneno tu. Hapo ndipo ng'ombe anaitwa jina ili aachie maziwa. Usipomwita, anabana."

Miaka yote ile nimempigia besi, nikidhani ile sauti ameitoa kwa Singasinga. Nami utoto wangu wote nimenywa maziwa ya wimbo ule, sikuutambua.

"Rudisha nyuma," mama akasema.

Nikarudisha. Ikaja pumzi. Likaja shimo. Mama akafumba macho, akaliita lile jina, kwa upole, anavyoitwa ng'ombe mkaidi.

Nilizima simu bila kuambiwa. Nikataka kusema neno, lolote, hata la mvua. Mama akainua kidole ninyamaze. Uso ameuelekeza mlangoni, anasikiliza.