Tumempa pole mtu mwenye furaha

Jamani, leo tumemfariji mtu aliyekuwa anacheka.

Tuko kwenye mashine ya mpunga hapa Kilosa, wote barakoa usoni kwa sababu ya vumbi la pumba. Mwenzetu Maganga kapigiwa simu. Tangu asubuhi tunajua mkewe yuko hospitali kwao Tabora, uchungu umemshika.

Mara kainamia magunia. Mabega yanatikisika, macho yamejaa machozi.

Nikajua mambo yameharibika.

Nikakimbia kuzima mashine. Mzee Saidi, mkubwa wetu hapa, akavua kofia. "Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Maganga akashusha barakoa. Meno yote nje!

"Msiba wa nani? Nimepata mapacha!"

Wote tukashusha barakoa, tumecheka mpaka mbavu zinauma. Lakini nimebaki najiuliza, macho ya furaha na ya msiba yanatofautiana wapi? Nyinyi wenzangu mnayatambuaje?

Halafu nikamkumbuka mwanangu kule Kasulu, ambaye tangu azaliwe sijambeba. Machozi yakanijaa, nikapandisha barakoa yangu.

Mzee Saidi akaniangalia machoni. "Na wewe, bado unacheka tu!"

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee."