Dama Boga na Chumba cha Barafu cha Msambweni

Dama Boga alizaliwa Samburu ya pwani mwaka bendera ya uhuru ilipopandishwa, na nyumbani kwao wakamwita Uhuru mpaka akalichoka jina hilo. Baba yake alifuga mbuzi. Yeye alipenda redio. Alisomea umeme Mombasa, kisha akafungua karakana Ukunda, akawa anaunda bodi za kuendesha mashine. Alipofika umri wa miaka arobaini, hoteli za Diani zilimtafuta yeye kabla ya kumtafuta fundi wa Nairobi.

Bodi yake mojawapo iliendesha chumba cha barafu cha wavuvi wa Msambweni. Mwaka huo ikaanza vituko. Kipimo cha baridi, yaani kiwango kilichowekwa kwenye bodi, kilijigeuza chenyewe mchana, kompresa inayoleta baridi ikazimika, barafu ikayeyuka na samaki wakaharibika.

Mzee Mwinyihaji, katibu wa wavuvi, akamwita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wenzangu wanataka tuing'oe hiyo bodi yako, tulete nyingine."

"Waambie wasubiri hadi jioni. Nitaijua."

Kwanza aliitenga kompresa, iendeshwe kwa swichi ya mkono, maana programu ikisimamishwa ghafla mashine huendelea kama ilivyoachwa. Kisha akaunganisha kompyuta yake na bodi, akaipakia programu kwenye kumbukumbu inayoandikika, ili aweze kuyagusa maagizo yake.

Akatafuta agizo linalobadilisha kipimo mtu anapobonyeza kitufe, akaweka kituo hapo ili programu isimame ikilifikia. Kituo cha namna hiyo ni cha programu: agizo lenyewe huondolewa kwa muda, na mahali pake hutiwa amri ya kusimama. Vituo vya aina hii unaweza kuviweka vingi utakavyo. Akabonyeza kitufe, programu ikasimama palepale. Akaiachia iendelee.

Wachuuzi wakaja, mlango ukawa haupumziki. Kabla ya adhuhuri kipimo kikaruka, na programu haikusimama.

"Imekushinda?" akauliza Mwinyihaji.

"La. Nimejua sasa kwamba kipimo hakibadilishwi na agizo hili. Kuna jingine."

Maagizo yalikuwa maelfu, naye hakutaka kubahatisha. Akatumia kituo cha chipu. Chipu yenyewe, ubongo wa bodi, iliweza kuangalia sehemu moja ya kumbukumbu na kusimamisha kila kitu mara agizo lolote linapoandika hapo. Nafasi za vituo hivyo zilikuwa mbili tu, lakini Dama alihitaji moja. Akaielekeza pale kipimo kilipohifadhiwa.

"Bi Asiya," akamwambia mchuuzi aliyekuwa karibu, "endelea kuufungua mlango kama ulivyokuwa ukiufungua."

"Hata kwa fujo?"

"Hasa kwa fujo."

Bi Asiya akacheka, akaingia na kutoka na kapu lake. Mara programu ikasimama. Dama akainama kwenye kioo cha kompyuta, akasoma, akapiga paja lake kwa furaha.

Lilikuwa agizo linaloandika saa kila mara mlango unapofunguliwa. Nafasi zake za kuandikia zilipojaa, halikurudi mwanzo. Liliendelea mbele, likaandika juu ya kipimo cha baridi. Ndiyo maana siku za samaki wachache, mlango ukifunguliwa mara chache, hapakuwa na shida.

"Nililiandika mwenyewe, na nitalirekebisha mwenyewe," akasema.

Akarekebisha, kisha akamwomba Bi Asiya aanze tena, kituo cha chipu kikiwa bado kinaangalia. Alasiri nzima programu haikusimama, isipokuwa Dama alipobonyeza kitufe kwa makusudi kukibadilisha kipimo. Akaviondoa vituo, akaihifadhi programu mpya kwenye kumbukumbu ya kudumu, akairudisha kompresa kwenye bodi, ikanguruma.

Mwinyihaji akaweka kiganja ukutani kuhisi baridi.

"Wenzetu wa Vanga nao wanataka chumba kama hiki. Niwaambieje?"

"Waambie waanze kujenga," akajibu Dama, akikunja waya zake.