Mti wa Nyuzi Nje ya Geti

Ijumaa ya mwanzo ya mwezi wa Machi, mwaka jana, nilifiwa na mume wangu. Alikuwa keshatawadha, anajiandaa kwenda kusali. Akakaa kitandani afunge kifungo cha kanzu, hakuinuka tena. Nje ya geti, mti wake ulikuwa umeshika matumba.

Naanza na mti kwa sababu ndio ulionitia hasira, na hasira naijua kuisema kuliko huzuni.

Aliununua mashtal, kule wanakouza miche. Kibao chake kiliandikwa loropetalum, asili yake Uchina. Jina lile lilitushinda kulitamka, tukauita mti wa nyuzi, maana katika picha ya kibaoni maua yake yalikuwa kama kitambaa cha waridi kilichochanwa nyuzi nyuzi. Majani yake ni ya zambarau iliyoiva. Muuzaji alimwambia kweli: huu si mti wa Maskati, unapenda baridi na udongo mchachu, na jivu ni sumu kwake. Mtu mwingine angeuacha. Mume wangu alimjibu, "Hata mimi sikuzaliwa hapa, na nimeshika."

Akauweka kwenye chungu kikubwa nje ya nyumba yetu ya Hamriya, upande wa ukuta ambao jua la alasiri haliufiki, karibu na kiti chake. Kila asubuhi akimaliza kahawa aliyamwaga mashapo pale shinani, kwa vile yule muuzaji alimwambia yanasaidia. Mwaka wa kwanza haukutoa ua. Wa pili vilevile.

"Umeoa mke wa pili, naye tasa," nikamwambia.

"Mvumilie mwenzio," akasema.

Mwaka wa tatu ukatoa matumba. Aliyaona matumba tu.

Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Mimi sikuona uzito wa kukaa ndani. Nilikuwa sina pa kwenda. Lakini chungu kilikuwa hatua chache tu kupita geti, na geti ndilo lililokuwa mpaka wangu. Madirisha yetu yote yanatazama uani.

Siku za azaa, zile tatu za kupokea rambirambi, nyumba ilijaa. Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyeshika jiko. Ni mtu wa Unguja hasa, kahawa ya msiba haipiki kwa gesi. Akaweka seredani uani, mkaa ukawaka asubuhi mpaka usiku. Siku ya pili akaingia chumbani, akaniinamia sikioni.

"Ule mti wa kaka umechanua, wallahi! Waridi tupu. Wanaume wote huko nje wanausifu."

Nilimwomba mwanangu aupige picha. Alinionyesha simu: nusu ya picha ni viatu vya wageni, na pembeni kuna kitu cha waridi kilichotikisika. Nikamwambia akapige nyingine. Akasema sawa, akaitwa kupokea watu, akasahau. Upepo wa joto ulipovuma, maua yakapukutika. Mume wangu hakuyaona, mimi sikuyaona. Walioyaona ni waliokuja kunywa kahawa. Nikajiambia basi, yatakuja Machi nyingine. Kazi yangu ni kuufikisha huko.

Azaa ilipokwisha nikamuuliza wifi kama mti unapata maji.

"Unapata, na zaidi ya maji. Jivu lote la seredani nimeutilia. Kwetu mamaangu hata mchicha alikuwa akiutilia jivu, wadudu hawausogelei."

"Na mashapo ya kahawa?"

"Nimemwaga chooni. Nani ataweka uchafu kwenye mti wa marehemu?"

Sikumgombeza. Alikuwa amefiwa na kaka yake, macho yamemvimba, na alidhani anautunza. Nilimweleza alivyosema yule muuzaji, nikamwomba alitoe lile jivu. Akaniambia lishachanganyika na udongo, lishanyweshwa maji. "Hebu tulia, wifi. Eda umekaa wewe, mti haukukaa eda."

Nikamtuma mwanangu akanunue udongo mchachu, aubadilishe. Alirudi na gunia la samadi ya mbuzi. Nikamtuma tena. Akaniletea mche wa mwasmini.

"Huu ndio wa hapa, mama. Ule nje unakuwa manjano. Mti tu, mama."

"Najua ni mti."

"Basi?"

Nikamwomba auingize chungu ndani ya ua, niuone mwenyewe. Akajaribu na mwenzake, hakikuinuka. Akaahidi kuja na watu wa gereji anakofanya kazi, kule Ghala. Kila wiki akaahidi. Kila mtu alinihurumia, kila mtu akaniletea chakula, na hakuna aliyefanya nililoomba. Nilikuwa nikisali huku nawaza jivu. Nasema ilivyokuwa.

Eda yangu ilikwisha katikati ya Julai. Wifi alikuja tangu asubuhi, tukaoga, tukasoma dua, tukanywa kahawa. Kisha nikavaa, nikafungua geti. Joto lilinipiga usoni. Kiti cha mume wangu kilikuwa pale pale, kina vumbi. Majani ya mti yalikuwa bado yameshika matawini, ya kahawia, na nilipoyagusa yakavunjika. Nikakwaruza tawi kwa ukucha. Kavu. Nikainama, nikakwaruza shina karibu na udongo. Kavu.

Wifi akatoka nyuma yangu, birika mkononi. Akautazama mti, akanitazama mimi.

"Mashapo haya," akauliza polepole, "niyamwage wapi?"

Nikamwonyesha chungu. Akamwaga.