Mfuko wa Shida

Mjini kila mtu alimwita Mama Mifuko, ingawa alishona kila kitu: sare za shule, mapazia, hata magauni ya maharusi waliokuwa na haraka kwa sababu zao wenyewe. Jina lilimganda kwa ajili ya wacheza kamari. Jumba la kamari lilikuwa katika mji wa juu milimani, kwenye baridi, na watu walipanda huko kwa basi la Jumamosi, kila mmoja na maarifa yake ya kuficha pesa. Mmoja aliziweka kwenye soksi, akavuliwa soksi akiwa usingizini. Mwingine alizikunja ndani ya kofia, halafu akampungia mkewe kofia dirishani. Zilivyopepea, watoto wa stendi walikula vizuri siku hiyo.

Mama Mifuko akawapa dawa: mifuko miwili, koti moja. Wa kwanza ulikaa kifuani kwa ndani, una kifungo. Huo ni wa pesa ya kuchezea, na pesa hiyo alikwambia uiage kabisa kabla hujatoka nyumbani, maana ni marehemu. Wa pili ulikuwa ndani ya bitana, chini ya kwapa, mahali ambapo hata mwizi hufikiri mara mbili kabla ya kupeleka mkono. Huo aliuita mfuko wa shida. Alitia humo pesa ya kutosha chumba, chakula na gari la dharura, kisha akaufunga wote kwa uzi aliopaka nta, mshono mdogomdogo wa kushindana na kucha. Tiketi ya basi ilikuwa ya kwenda na kurudi, kwa hiyo asiyepatwa na shida alirejea na mfuko vilevile, akaja dukani kukatiwa uzi, na siku nzima akatembea kwa maringo.

Tabu ni kwamba mcheza kamari akishaliwa, haoni shida nyingine duniani kubwa kuliko hiyo.

Aliyevaa mfuko wa shida wa kwanza kabisa alikuwa mumewe. Alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi, ambaye angeweza kukuacha na nusu ya nywele kwa sababu hadithi ilikuwa imefika patamu. Siku alizorudi na mfuko mzima alisimama mlangoni mwa duka, akainua mkono juu ili kwapa lionekane, akasema, "Leta mkasi, mke wangu." Mkewe alikata, wakacheka, na jioni ile chungu kilinukia nyama.

Lakini mara moja alirudi uzi umekatwa, akasema tumbo lilimshika akanunua dawa. Mara nyingine akasema basi liliharibika wakalala njiani. Mkewe hakuhitaji shahidi. Aliitazama bitana iliyochanwa kwa meno, akajua kwamba mwenye kuumwa tumbo hana pupa ya namna hiyo.

Safari ya mwisho, alipokuwa anapiga fundo, hasira ilikuwa bado mbichi. Alisema maneno ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyasikia.

"Ukiukata huu, usirudi hapa. Hata shida ikiwa ya kweli, usirudi."

Mumewe alianza kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

Shida ikawa ya kweli. Alikaa mezani kujaribu kurudisha alichopoteza, basi likamwacha. Mama mmoja aliyeuza chai stendi alimwambia akatafute chumba, mvua inakuja na huko milimani mvua haina huruma. Kinyozi akapapasa chini ya kwapa na kusema hiyo ni amana ya watu. Akaanza kushuka kwa miguu. Walimkuta asubuhi ameketi kwenye ukingo wa daraja dogo, mgongo wima, koti limelowa chapachapa, soli ya kiatu kimoja imeachia. Daktari akasema ni baridi na moyo. Mfuko wa shida ulikuwa haujaguswa.

Msibani walimsifu mpaka mkewe akatamani kuziba masikio. Ahadi ni deni, walisema, na yule bwana kafa kalilipa. Mwanaume wa neno lake. Wake zao waliwatazama waume zao kwa jicho la pembeni, na mjane aliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi, ndiyo, lakini yalikuwa pia woga, kwamba mtu atamuuliza: ahadi gani hasa?

Hakuna aliyeuliza. Koti lilining'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka, na watu walidhani mfuko aliufungua zamani. Hakuufungua. Kila alipochukua mkasi mkono ulikufa ganzi, kwa sababu uzi ule ulikuwa wa kukatwa mbele ya mtu aliyesimama mlangoni ameinua mkono. Mabega ya koti yalikataa kulegea. Na mvua ikinyesha, alianza kusikia kiatu. Pwa, kinakuja barabarani kwa soli iliyoachia. Pwa. Kinapunguza mwendo mbele ya duka, halafu kinapita. Mara ya kwanza alitoka mbio, akakuta barabara tupu na maji yanatiririka. Baadaye akazoea kuinama tu kwenye cherehani na kukanyaga kwa nguvu.

Mwanawe alikuwa mdogo wakati ule. Alikulia chini ya meza ya cherehani, akajua kutunga sindano kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Alipokua alikimbilia chuma badala ya nguo, akawa fundi wa kuchomelea mageti, na kwa ulimi alikuwa baba yake mtupu. Siku moja akaja dukani akasema wenzake wa karakana wanapanda milimani Jumamosi, naye anakwenda. Mara moja tu, mama, kutembea tu. Akalitungua koti kwenye msumari na kulivaa. Lilimkaa kana kwamba alipimwa.

"Nishonee mfuko kama wa baba," alisema. "Na mimi sitaukata. Nitarudi nao hivihivi, utaona."

Aliyasema kwa fahari. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa habari za baba aliyetunza neno. Hapo ndipo mama yake alipotakiwa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini kumwambia mtoto, aliyekunyima baba ni mimi, ni neno lisilo na mahali pa kuanzia. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga, na yeye alikuwa ameficha muda mrefu mno.

Kwa hiyo alifanya hila ya kifundi. Mfuko wa zamani ulikuwa kwapa la kushoto. Alitengeneza mpya kulia, akatia pesa, na badala ya uzi wa nta akapiga bandi tu, ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi hushikizia kitambaa kabla ya kushona. Kidole kimoja kingetosha kuufungua. Alipomvisha alimwambia kwa sauti ya kawaida, akiwa anapangusa vumbi begani, "Ukipata shida, fungua. Usiwaze mara mbili."

"Sawa, mama," kijana akasema, kwa namna ambayo watoto husema sawa.

Jumapili jioni basi lilirudi. Wenzake wa karakana walishuka mmoja baada ya mwingine, macho mekundu, mifuko mitupu, na walipomwona mama amesimama walianza kusukumana nani aseme. Walimwacha mezani, walisema. Aliwaambia watangulie, anakuja sasa hivi. Dereva hakungoja. Yule mkubwa wao akamtuliza: asiwe na wasiwasi, ana pesa ya mfuko wa shida, atalala pazuri kuliko wao.

Mvua ilianza kabla mama hajafika nyumbani. Aliketi kitandani na kujiambia kwamba bandi ni bandi, mtoto angefungua tu, angelala, angekunywa chai. Asubuhi alifungua duka kwa sababu hakujua jambo jingine la kufanya na mikono. Alishona pindo la pazia, akagundua amelishona kinyume, akafumua. Mteja alimsemesha, akamjibu mambo ya mteja mwingine. Mchana ukapita. Msumari nyuma ya mlango ulikuwa mtupu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alitamani kuliona koti lile pale.

Jioni mvua ikazidi, na kiatu kikaja.

Pwa. Hakuinua kichwa. Pwa. Alikanyaga cherehani ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Kilipunguza mwendo mbele ya duka kama desturi yake, naye akangoja kipite. Hakikupita.

"Mama," sauti ikasema mlangoni. "Leta mkasi."

Alikuwa amesimama na koti linalochuruzika maji, midomo imekuwa ya majivu, mkono ameuinua juu. Kiatu kimoja kimeachia soli. Alikuwa anatetemeka na anatabasamu.

"Umefikaje?" mama akauliza.

"Kwa miguu. Karibu na chini lori la mchanga likanibeba." Akaupandisha mkono zaidi. "Angalia, sikuukata. Ila ulikuwa umepiga bandi tu, mama. Nikadhani macho yako yamechoka. Niliushona upya mwenyewe kabla sijaondoka, kwa uzi wako wa nta."

Mama alitazama. Mishono ilikuwa midogo, safi, ya kushindana na kucha. Alikuwa amemfundisha vizuri.

Akachukua mkasi. Alikata mfuko wa kulia, pesa zikatoka kavu kiasi, akaziweka mezani. Kisha mkono ukahamia kushoto, na safari hii haukufa ganzi. Uzi wa zamani ulikatika kwa sauti ndogo. Noti zilikuwa zimeshikana kwa mvua ya mwaka ule, zikatoka kipande kimoja, naye akaziweka kando ya zile mpya.

Kijana alizitazama. Tabasamu likaanza kumtoka.

"Hizo si zilitosha chumba," alisema polepole. "Na gari. Mbona baba hakukata?"

"Nilimwambia akikata asirudi."

Mvua ilipiga bati. Kijana alijishusha kwenye kigoda cha wateja, akavua viatu, maji yakaenea sakafuni. Mama alimvua koti, akamfunika kwa pazia lililokuwa halijaisha, akamsugua mikono kwa nguvu, na huku anasugua alimweleza yote, mpaka lile neno lenyewe kama alivyolisema. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kijana alisikiliza na hakumnyang'anya mikono.

Halafu, nje, pwa.

Kijana akainua kichwa. Akaviangalia viatu vyake vilivyolala ubavu sakafuni, kisha akamwangalia mama yake.

"Nani huyo anapita?"

Pwa. Kilikuwa kinapunguza mwendo. Mama Mifuko aliinuka, akaenda kuufungua mlango wote, mpaka mwisho wa bawaba, akauegemeza kiti usije ukajifunga.